Alilolijua Lornah Aoko

Dorca Apiyo aliuza samaki wa kukaanga pale Kondele, na alikuwa na neno moja ambalo wateja wake wote walilijua kwa moyo: "Huyu wangu atakuwa sista." Si sista wa kanisa, la hasha, Dorca alitaka wajukuu. Alimaanisha sista wa hospitali, yule wa kofia nyeupe na saa ya kifuani, anayepita katikati ya vitanda na kila mtu ananyamaza. "Huyu wangu" alikuwa Lornah Aoko, mtoto pekee ambaye Mungu alimwachia. Wengine walizikwa wadogo huko Nyakach, nyumbani kwa baba yao, na Dorca hakupenda kuwataja.

Kwa hiyo Lornah alipopita mtihani wa darasa la nane, akaitwa Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Perpetua, kwa masista, ng'ambo ya Mamboleo kule barabara inakoanza kupanda, Dorca aliifunika meza yake siku nzima. Hata malaria haikuwahi kumfanya aifunike. Baba mtu, Joram Ogola, fundi wa baiskeli, alilifunga sanduku la bati kwenye kerieri, akaisukuma baiskeli mlimani, binti kando yake. Joram alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nene ya kwaya. Alikuwa pia na nywele alizozipenda kupita kiasi. Alizichana kila asubuhi mbele ya kioo cha pikipiki mbovu, akazigawa kwa mstari ulionyooka, na ole wake fundi mwenzake ambaye angemgusa kichwa na mkono wa grisi.

Sasa pale kwa masista, chini ya Mungu mkubwa, kulikuwa na viungu viwili vidogo: Kiingereza na sayansi. Ukivijua hivyo viwili, hata ukiiba sukari ya jikoni utasamehewa. Usipovijua, sali rozari mpaka magoti yaote sugu, bado utaambiwa unakula ada ya wazazi wako bure. Wiki ya kwanza tu, Sista Agneta, mkuu wa shule na mwalimu wa Kiingereza, aliwasimamisha wasichana mmoja mmoja waseme kazi ya wazazi wao. Lornah akasimama, akasema mama yake anauza samaki. Lakini ile "sh" ya Kiingereza, ambayo katika Kijaluo cha kwao haipo, ikamponyoka ikawa "s" tupu. Lo! Wasichana wa shule za mjini wakaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo jina lake likawa Fis.

Alilia, akamweleza mama yake Jumapili ya kutembelewa. Alidhani mama atakasirika. Dorca akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Waache wacheke," akasema. "Wao wanajua kumtamka, wewe unajua kumpara. Jifunze na wewe kumtamka, halafu tuone watabaki na nini."

Akajifunza kweli. Likizo ilipofika, alikaa kando ya meza ya mama yake akisoma magazeti ya kufungia samaki kabla hayajafungwa. Mteja angesimama na hela mkononi, Dorca amsihi: "Ngoja kidogo, mama, mtoto amalize ukurasa." Wengine walinung'unika, lakini walingoja. Samaki wa Dorca alikuwa na pilipili na limau ambayo hukuipata kwingine Kondele yote.

Kidato cha pili, Mwalimu Wanyonyi wa biolojia aliingia maabara na ngege mzima, samaki wa ziwani, akauliza ni nani anaweza kuonyesha matamvua yalipo. Wasichana wakarudi nyuma wakiziba pua. Lornah akasogea, akaingiza kidole gumba, akaufunua ule mfuniko wa shavu kwa namna ambayo mama yake huwafunulia wateja waone kama samaki ni wa leo. Mekundu, yamepangana vizuri. Mwalimu akaeleza kwamba wekundu huo ni damu inayochukua hewa kutoka majini, na Lornah akalibeba jambo hilo mpaka nyumbani.

Dorca alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Kwa hiyo miaka hii yote nafundisha biolojia hapa Kondele, na serikali hainilipi?"

Hivyo ndivyo walivyokuwa, mama na mwana. Nasema haya yote ili ujue ni kitu gani kilichokatwa.

Likizo ya Agosti ya kidato cha nne, Lornah aliiona miguu ya mama yake imevimba. Alimwuliza. "Ni kusimama," Dorca akajibu, akalivuta gauni liifunike. Siku ya kurudi shule alimsindikiza mpaka stendi, jambo ambalo lilikuwa kazi ya Joram siku zote, akamshika bega. "Nyathina, mtoto wangu," akasema, "hata ukisikia dunia imepasuka, usiinue kichwa mpaka umalize kuandika. Umenisikia?" Lornah akasema amesikia. Angesema nini?

Mwaka ule kulikuwa na hofu ya pekee. Wao ndio waliokuwa kundi la kwanza la nane-nne-nne kufanya mtihani wa kidato cha nne, na hapakuwa na karatasi za zamani za kujipimia. Walimu wenyewe walikuwa wakibahatisha, ingawa walijikaza sura. Karatasi za Kiingereza zikatangulia. Katika insha waliambiwa wamweleze mtu wanayemfahamu akiwa kazini, na Lornah hakufikiri mara mbili. Alimwandika mama yake. Aliuandika moshi na mafuta yanayoruka, akaandika namna Dorca anavyomrudisha mteja mgomvi kwa mzaha hadi ananunua wawili badala ya mmoja. Aliandika huku akitabasamu, na msimamizi akampita mara mbili akimtazama, pengine akidhani anaibia.

"Umeandika nini?" rafiki yake Nekoye, msichana wa Bungoma aliyelala kitanda cha juu yake, alimwuliza walipotoka.

"Mama yangu."

"Wewe! Na mimi nimeandika askari wa trafiki, hata simjui."

Wakacheka. Kumbuka kicheko hicho, maana Lornah alikikumbuka baadaye kwa aibu asiyostahili kuwa nayo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Misa ya kuwaombea watahiniwa, kati ya Kiingereza na sayansi. Wazazi waliitwa waje wasali pamoja na watoto wao, walete sabuni na chakula, kisha waende zao. Lornah alisimama langoni tangu asubuhi. Akamwona baba yake akipanda mlima na baiskeli yake, peke yake, amevaa kofia ya sufu iliyofumwa, ya kufunika masikio, kama watu wa baridi kule milimani. Kisumu hii! Jua la kuchoma utosi, na mtu amevaa sufu.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda Nyakach," Joram akasema. "Shangazi yako anaumwa. Mama yako ameenda kumwangalia. Anakusalimia sana."

Kengele ya Misa ikalia. Wazazi wakaingia, wanaume wakivua kofia zao mlangoni. Joram akaiinamia baiskeli yake. "Nenda, nenda ndani. Gurudumu limetoboka, nalishughulikia halafu nakuja."

Lornah akaingia, lakini moyo haukuingia naye. Joram Ogola hakuwa mtu wa kubaki nje ya Misa kwa sababu ya gurudumu. Huyu ndiye aliyewahi kuimba Pasaka nzima na jino linamuuma, shavu limefura. Msichana akajipenyeza mpaka benchi la kando ya dirisha, na kupitia vioo vya dirisha akamwona baba yake amechuchumaa kwenye kokoto, ameishika baiskeli wala haifungui. Alikuwa ameishika tu.

Ikafika saa ya padri kuiinua hostia. Kengele ndogo ikapigwa. Kule nje Joram aliiacha baiskeli, akapiga magoti kwenye kokoto, na kwa kuwa alikuwa Mkatoliki mpaka kwenye mifupa, akaivua kofia.

Kichwa kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, kinang'aa, na michubuko midogo juu ya sikio mahali mnyoaji alipoharakisha.

Kwao Nyakach, mazishi yakiisha, wafiwa wa karibu hunyolewa. Kila mtoto wa kule analijua hilo kabla hajaijua alfabeti. Lornah aliwahesabu walio wa baba yake. Babu na nyanya walikwisha kufa zamani. Watoto wengine hakuwa nao. Alikuwapo shangazi. Na hapo, padri akiwa bado ameiinua hostia, Lornah Aoko aliomba kwa nguvu zake zote kwamba shangazi yake awe amekufa. Mungu amsamehe, na najua amemsamehe. Lakini shangazi alikuwa ameolewa. Angezikwa na watu wa mumewe, na hakuna ambaye angemnyoa Joram kichwa chote kwa ajili yake. Tena kama ni shangazi, kwa nini afichwe?

Joram akainuka, akakipangusa kichwa kwa kiganja kama mtu asiyekizoea, akaivuta kofia mpaka kwenye masikio.

Misa iliisha bila Lornah kusikia neno. Sista Agneta alipita akiwawekea watahiniwa mkono kichwani mmoja baada ya mwingine, na mkono wake ulikaa juu ya Lornah kupita wengine. Ahaa, akawaza. Kumbe na wewe unajua. Akamtazama mpishi aliyesimama mlangoni, na mpishi akatazama kando. Kumbe wote. Hasira ikampanda: wamemzika mama yangu, mama yangu mimi, na mimi niko hapa nakariri jedwali la kemia! Nani aliwapa ruhusa?

Sijui nani aliuanzisha mtindo huu. Haukuwapo kwa wazee. Wazee walipiga ngoma ya kifo ikasikika vijiji saba. Mtihani ndio ulioleta. Siku hizi umekuwa kama sheria: mzazi akifa na mtoto yuko kwenye mtihani, kaeni kimya, zikeni, mtoto ataambiwa akimaliza. Na wanaofanya hivyo si watu wabaya. Ni watu waliouza kila kitu ili mtoto ashike kalamu, wanaogopa kalamu isidondoke. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini nani anawasikiliza wahenga Novemba ikifika?

Wakakaa kwenye nyasi na wazazi wengine. Joram akafungua gazeti, ndani yake samaki. Alikuwa ameungua nje na ndani ni mbichi. Lornah akakata kipande, akala. Akakata kingine.

"Ni mtamu?" baba akauliza.

"Ni mtamu, Baba."

Akamtazama. Joram alikuwa amekonda, na shati alilovaa halikupigwa pasi kwenye kola, mahali ambapo mama yake hupiga pasi kwanza. Neno lilikuwa ulimini. Angelisema, angejibiwa, na wangelia pale pale mbele ya watu kama binadamu wengine. Lakini alimwona namna anavyomtazama. Ilikuwa ni kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kutoka mbali, umebaki mwendo mdogo afike, anakuomba kwa macho usimguse.

"Baba, hiyo kofia..."

Mkono wa Joram ukaruka kichwani. "Mafua," akasema upesi. "Nina mafua mabaya."

"Pole sana. Usiivue, basi."

"Siivui."

Nyamaza kidogo uyaone hayo. Mtoto anamsaidia baba yake kudanganya.

"Mama yako alisema uandike vizuri," Joram akasema, akitazama mlima.

"Mwambie nitaandika."

Joram akainuka ghafla, akaenda kuipiga kengele ya baiskeli, akaipiga tena, kama mtu anayetaka kujua kama inalia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema mafua haya, mafua haya. Kisha akampa mkono, akapanda baiskeli yake ambayo haikuwa imetoboka popote, akateremka nayo kuelekea Mamboleo.

Lornah hakumwambia mtu. Angemwambia Nekoye, Nekoye angemwambia Sista, Sista angemwita Joram, na Joram angejua kwamba uongo wake umeshindwa kufika. Alioga, akala, akashika kitabu, akakigeuza kurasa. Alikuwa akihesabu: mtu hulala hospitali, kisha mochari, kisha husafirishwa, kisha huzikwa, ndipo watu wanyolewe. Kwa hesabu yoyote ile aliyoipiga, siku aliyoandika insha mama yake alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa amemwandika akicheka, akigeuza samaki, na kumbe amelala kwenye barafu. Hapo ndipo alipokikumbuka kicheko chake na Nekoye, akakiona kama dhambi.

"Una nini wewe?" Nekoye akamwuliza. "Hata hunisumbui na maswali."

"Mafua," Lornah akasema.

Aliamua ataandika. Hilo naomba mlijue, ninyi mnaosema alilegea. Alikusudia kabisa. Mama yake alisema asiinue kichwa hata dunia ikipasuka, naye aliingia maabara siku ya biolojia ya vitendo na kalamu mbili zilizochongwa. Wasichana wakasimama kila mmoja mahali pake. Mbele ya kila mmoja palikuwa na sahani imefunikwa kitambaa. Msimamizi akasema funueni.

Kilikuwa kichwa cha ngege.

Swali lilikuwa jepesi. Alilijua tangu kidato cha pili, na zaidi ya hapo alilijua tangu akiwa mtoto wa kutambaa chini ya meza Kondele. Funua mfuniko wa shavu, chora unachokiona, eleza kinavyofanya kazi. Akaingiza kidole gumba. Akaufunua. Yalikuwa mekundu, mabichi, ya leo. Kidole kikabaki pale. Alikiona kidole chake ni cha mama yake, kucha ile ile fupi, na harufu ikampanda, harufu ya nyumbani, ya nguo, ya leso, ya mgongo aliobebwa. Aliushika ule mfuniko wazi, na hakuweza kuuachia, na hakuweza kuandika kwa mkono uliobaki. Wenzake wakachora. Mwalimu Wanyonyi alikuwa mlangoni, haruhusiwi kusema na mtahiniwa, lakini alimwona mwanafunzi wake bora ameduwaa, akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu. Msimamizi akamfuata, akamwambia kwa upole, "Andika, msichana, saa zinakwenda."

Akaandika jina lake na nambari yake. Walipokusanya, hapakuwa na kingine.

Karatasi zilizofuata zikamteleza vivyo hivyo, kemia nayo, kwa sababu kitu kikishakatika hakikatiki mahali pamoja tu. Alijaza hapa, akaacha pale, asijali.

Siku ya mwisho wasichana walimwagiana maji wakipiga vigelegele. Joram alikuja kumchukua na shangazi yake, yule mgonjwa, amenawiri kama ng'ombe wa maonyesho. Lornah akamsalimia, akamwuliza anaendeleaje na ugonjwa, na shangazi akamung'unya maneno. Wakampeleka Nyakach moja kwa moja. Hawakumpitisha nyumbani kwao, maana kaburi lilikuwa mbele ya nyumba na udongo bado mbichi. Wakamwingiza kwa jirani, katika chumba kilichojaa wanawake walioketi kimya, na katekista kwenye kiti cha mlangoni na Biblia magotini. Ukiingia chumba kama hicho huhitaji kuambiwa kitu, lakini kila mtu alimtazama kama kwamba hajui.

Joram akasimama. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, na safari hii nyingi ni nyeupe. Alikuwa ameyapanga maneno yake. Aliyapanga kwa majuma, ukimsikia ungejua. Akasema mama yako aliugua. Akasema moyo. Akasema yeye mwenyewe, kabla hajakata roho, alituomba usiambiwe mpaka umalize. Akasema nikaja kule shuleni nikakudanganya usoni, na Mungu ananiona, nimelibeba peke yangu.

Lornah alikuwa na neno moja tu: najua. Lingetoka, lingekuwa kweli. Lakini akamtazama mtu huyu ambaye kitu pekee alichobaki nacho duniani ni kwamba ameweza kumkinga mtoto wake. Ukimnyang'anya hicho, unamwachia nini?

Akafungua kinywa, akapiga yowe.

Lilianza kama zawadi. Alilipiga kwa ajili ya baba yake, kama mtu aliyeshtushwa. Lakini yowe halina adabu, likifunguliwa halirudi. Kabla hajafika mlangoni lilikuwa lake, la tangu ile Jumapili, na alikimbia nalo mpaka kaburini, wanawake wakimfuata, akaanguka juu ya udongo uliomwagwa bila mkono wake. "Maskini, hakuwa anajua," wakasema. "Hakuwa anajua kitu." Joram akapiga magoti kando yake. "Nisamehe, nyathina. Nilikuficha ili upate."

Matokeo yakatoka mwaka uliofuata. Sista Agneta akawaita wote wawili ofisini. Kiingereza A, kati ya zilizokuwa bora shuleni. Biolojia na kemia, E. Chuo cha uuguzi hakingemtazama mara ya pili. Sista akasema haelewi, Mwalimu Wanyonyi naye haelewi. Mtoto huyu ndiye angebeba sayansi ya darasa zima. Joram akamgeukia binti yake taratibu.

"Kwani kulikuwa na nini?"

Sista alikuwa akimtazama. Hapo pia neno lilikuwapo, na lingemsafisha mara moja, machoni pa baba, pa Sista, pa Kondele yote.

"Sikusoma vya kutosha, Baba."

Nao Kondele wakaiokota hiyo wakaitafuna. Mama amefichwa kwa ajili yake, na bado ameanguka! Watoto wa siku hizi hawana uchungu. Lornah akapata kazi ya kufundisha Kiingereza shule moja ya msingi upande wa Mamboleo, mwalimu asiye na cheti, na alifundisha vizuri mno. Watoto wake walisimama wakatamka kila herufi na hakuna aliyechekwa darasani mwake. Aliolewa, akapata watoto, na kwa binti mmoja jina la marehemu mama yake, Apiyo, likarudi. Lakini kila mgeni alipokuja kwa Joram, na mazungumzo yakifika kwa marehemu, mzee alikuwa na kauli yake, naye aliisema Lornah akiwa pale pale akimimina chai. "Ningejua ataanguka," alisema, "ningemwacha aje amzike mama yake. Sasa alikosa yote mawili." Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anayeugusa mfupa uliounga vibaya. Lornah alimaliza kumimina, akaongeza sukari.

Joram aliugua miaka ya tisini ikikaribia kwisha. Lornah alimwuguza mwenyewe nyumbani Nyakach, akimgeuza, akimwosha, akimnywesha uji kwa kijiko, na majirani wakasema lo, kumbe huyu angekuwa sista mzuri kweli. Adhuhuri moja mzee alikuwa na nguvu kidogo, akaomba ainuliwe aegemee mto.

"Aoko. Hakuna mtu mwingine hapa. Niambie ukweli. Biolojia ile, nini kilikushinda?"

Lornah alishika kijiko hewani. Miaka yote ilikuja ikasimama mlangoni. Mzee alikuwa anaondoka. Kweli ingeondoka naye, isingemdhuru tena mtu. Lakini akayaona yale macho, yanamwomba tena asiguse mtungi, umebaki mwendo mdogo.

"Nilikuwa mvivu, Baba. Nilicheza."

Joram akavuta pumzi ndefu, kama aliyeteremshiwa mzigo. Akaunyoosha mkono wake uliobaki mifupa, akauweka juu ya kichwa cha binti yake.

"Basi nimekusamehe, nyathina," akasema. "Nimekusamehe yote."

"Asante, Baba," Lornah akasema, akampa kijiko kingine cha uji.